Kibao cha Bi Mluzi

Jumamosi, 8 Machi. Mvua: hakuna.

Posta katugawia vipima mvua, kila mwanachama na chake, tuandike milimita kila asubuhi mpaka msimu uishe. Posta ndiye mwenyekiti wetu. Alibeba barua za watu miaka thelathini na mpaka leo hawezi kupita mlango bila kuangalia namba. Akaninong'oneza, "Katibu, nakutegemea wewe. Wengine hawa watakisia." Ni kweli watakisia. Nimechukua madaftari mawili: moja safi la kumkabidhi yeye, na hili, la kuandikia kwanza takwimu na mengine yatakayonitoka. Fundi cherehani mwenye akili hakati kitambaa kabla ya kujaribu kwenye karatasi.

Tuko kumi na mmoja tunaoutunza msitu ulio nyuma ya pampu ya maji. Tulikuwa kumi na wawili.

Jumanne, 11 Machi. Mvua: hakuna. Mawingu ya kutudanganya tu.

Alhamisi, 13 Machi. Mvua: milimita 3.

Nieleze habari za ubao, maana bila huo hakuna la kueleza.

Lango la msitu ni la chuma, na nje yake tuna kibanda cha mabati. Ukutani mwa kibanda pana ubao wenye safu mbili za misumari, NDANI na NJE. Kila mwanachama ana kibao chake cha mti, ukubwa wa kiganja, chenye alama aliyoichagua mwenyewe. Changu kina sindano. Cha Posta kina bahasha. Cha Mwalimu kina namba saba, kwa kuwa alifundisha hesabu na anasema saba haigawanyiki kwa upuuzi wowote. Ukiingia msituni unakihamishia NDANI, ukitoka unakirudisha NJE, na anayefunga lango jioni haondoki mpaka safu ya NDANI iwe tupu. Kanuni ziko ukutani kwa rangi nyekundu, kwa mwandiko wangu. Ya kwanza: Kibao huhamishwa na mwenyewe. Ya nne: Mwenye shida apige filimbi mara tatu, anyamaze, apige tena mara tatu; anayesikia ajibu mara mbili, ndefu, kisha aende.

Cha Bi Mluzi kina mdomo wa ndege. Ni karibu mwaka sasa tangu tumzike na hakuna aliyethubutu kukiondoa. Siku zote kimening'inia NJE, pale kilipokutwa.

Leo nilipofika kilikuwa NDANI.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kukirudisha, ukaishia hewani. Nilikuwa bado nimesimama hivyo Mwalimu alipoingia akikung'uta mwavuli. Akatazama ubao, akasonya, akakirudisha NJE kwa vidole viwili. "Nani huyu mwenye mizaha ya kishetani?" akasema. Kisha akaniangalia. "Na wewe mbona umesimama kama umeona mwenye nyumba?"

Jumamosi, 15 Machi. Mvua: milimita 11.

Mkutano. Mvua ilikuwa inapiga bati ikabidi tupayuke. Ofisi ya misitu inataka ripoti kuhusu mitego ya waya iliyokutwa mwaka jana: nani aliitega, na kikundi kimefanya nini. Msimu ukiisha bila ripoti, kibali hakitahuishwa na lango litafungwa. Miaka tisa ya kupanda miche, kung'oa magugu, kuhesabu ndege na kunasua kima wanaolia kama watoto itaishia kwenye kufuli la serikali.

Mwalimu akasimama. Huongea kama chaki bado iko mkononi.

"Tusizunguke mbuyu. Mwanachama alitoka. Kibao kilikuwa NJE, tulikiona sote. Siku ya tatu akakutwa ameangukia korongoni, na waya wa mitego saba mkobani. Mtu aliyetoka akarudi kwa siri, alirudi kufanya nini? Jumlisheni wenyewe."

"Alikuwa anaitegua," Posta akasema. "Si sote tunategua?"

"Anayetegua hajifichi, Mwenyekiti. Na tangu afariki mmeona mitego mingapi?"

Ni michache, kwa sababu tangu afariki tumeongeza doria maradufu. Hilo nalijua, ninayeandika zamu ni mimi. Sikulisema.

"Marehemu hasemwi vibaya," Posta akasema kwa sauti ndogo.

"Simsemi. Nasoma hesabu tu. Yeye halimuumi tena. Sisi ndio tutakaofungiwa lango."

Ikakubaliwa: Katibu aandike ripoti kwamba mitego ilikuwa ya Bi Mluzi, atie sahihi, isomwe mbele ya wote Jumamosi ya tarehe 10 Mei. Katibu ni mimi. Nikaandika kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba Katibu amekubali. Mwandiko haukutetemeka. Vidole vyangu vimezoea kunyoosha mshono hata mwenyewe nikiwa nimepinda.

Alhamisi, 20 Machi. Mvua: milimita 19.

NDANI tena. Na ni Alhamisi tena. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya zamu yake.

Niliingia kufanya doria peke yangu. Posta alikuwa na mafua, na mimi sipendi kuonekana mwoga. Majani yalikuwa yanadondosha maji ingawa mvua ilikuwa imekatika. Karibu na korongo nikasikia mluzi. Mara tatu. Kimya. Mara tatu.

Nikakimbia. Nina miaka hamsini na minane na goti bovu, lakini nilikimbia, nikaita, "Nakuja! Uko wapi?" Nikatelemka mpaka kwenye maji. Hapakuwa na mtu. Mara tatu tena, juu ya kichwa changu. Nikainua macho nikamwona ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa, wale wanaoiga. Akaufungua mdomo akapiga ule mluzi, na kila mmoja ulikuwa unapanda kidogo mwishoni, kama mtu anayeuliza.

Ni yeye tu aliyekuwa akipiga hivyo. Filimbi tulizogawiwa alizidharau, akisema Mungu alishampa midomo. Jina la Mluzi lilitokana na hilo.

Ndege huyu haigi kitu alichokisikia mara moja. Lazima akisikie sana, siku nzima, labda siku mbili. Nilisimama kwenye matope nikihesabu ni mara ngapi mtu aite ndipo ndege ajifunze.

Mazishini tulimwambia mumewe kwamba hakuteseka, alikwenda papo hapo. Na kwa nini hakujibiwa najua mimi peke yangu, kwa sababu kibao chake nilikihamisha mimi.

Ijumaa, 21 Machi. Mvua: milimita 8. Sina la kuandika.

Jumapili, 23 Machi. Mvua: milimita 14.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, amekuja kunisaidia kupanga duka. Ananitania tangu siku niliyoolewa, na kifo cha kaka yake hakikumpa likizo. "Wewe wifi, hata kivuli chako ungekikunja pindo kama kingeshikika." Akawa anapitisha mkono kwenye nguo za wateja, akafika kwenye suruali ya kijani, ya msituni, yenye mifuko mapajani.

"Hii ya nani? Ina mwaka mzima hapa. Mwenyewe kanenepa?"

"Iache."

"Tuigawe basi, inakula hanga ya bure."

"Nimesema iache!"

Akanyamaza. Wifi yangu kunyamaza ni jambo la kuandikwa. Baadaye, akiwa mlangoni na kanga kichwani, akasema, "Unakonda. Na hulali, macho yako yanasema. Kama kuna kitu kinakukaba, kiteme. Mficha maradhi kifo humuumbua." Nikamwambia ni joto.

Suruali hiyo Bi Mluzi aliileta Jumanne ya wiki ile aliyopotea. Alisema pindo linamkanyagisha, asije akaanguka. Nilimwambia aje Ijumaa.

Alhamisi, 27 Machi. Mvua: milimita 27.

Leo nilikwenda mapema, kabla ya saa moja, nikajibanza nyuma ya nyumba ya pampu kama mwizi. Nilijiambia nataka kumjua mwenye mizaha. Sikusema kwamba ninamwogopa.

Alikuja kwa baiskeli. Ni mumewe, Kinyozi. Aliingia kibandani akasimama mbele ya ubao. Akakitoa kibao kwenye msumari, akakifuta kwa kiganja kama anavyofuta shingo za wateja wake, akakitundika NDANI. Nikatoka. Sikuwa na pa kwenda.

"Fundi," akasema, bila kushtuka. "Za asubuhi?"

"Nzuri, shemeji. Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Asubuhi ya Alhamisi vichwa ni vichache." Akauelekeza uso kwenye ubao. "Kibao hiki kinasema uongo. Nakirekebisha, mnakiharibu, nakirekebisha."

"Uongo gani?"

"Kwamba alitoka." Akaketi kwenye benchi. "Fundi, nimeishi na mwanamke yule miaka kumi na tisa. Hakuwahi kufunga kifuniko cha kitu chochote. Mafuta, chumvi, wino. Mlango wa kabati nilikuwa naufunga mimi. Siku aliyoingia huku simu aliisahau mezani. Sasa niambie. Mtu huyo, siku moja tu maishani mwake akumbuke kuhamisha kibao, na siku yenyewe iwe hiyo?"

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati, tone moja moja, ndani ya ndoo.

"Kuna mtu alikihamisha," akasema. "Si kweli kwamba alitoka akarudi kwa siri kuiba wanyama. Hakutoka kabisa. Wanamwita jangili, Fundi. Wateja wananyamaza nikiingia dukani kwangu mwenyewe. Wewe ndiye unaandika zamu. Nani alifunga lango siku ile?"

Nikasema sikumbuki. Nikasema nitaangalia kwenye daftari.

"Angalia," akasema. "Nitashukuru." Kisha uso wake ukalainika, na hilo ndilo lililonimaliza. "Kuna ndege kule korongoni anapiga mluzi wake. Umewahi kumsikia? Nikitoka hapa huenda kumsikiliza. Nafarijika."

Sasa niandike. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 11 Aprili. Saa kumi na mbili kasoro robo, wingu jeusi limeshafika juu ya pampu. Dukani nilikuwa na gauni la bibi harusi lisilo na mikono bado, na harusi ni kesho. Safu ya NDANI ilikuwa na kibao kimoja, cha mdomo wa ndege. Mwezi huo alikuwa amesahau mara nne. Mara moja nilimsubiri mpaka giza likaingia, kumbe yuko kwake anamenya viazi. Nilimsema mkutanoni mbele ya watu, naye akacheka, "Katibu, ukiona kibao changu kiko NDANI, ama nimo, ama nimesahau. Uchague mwenyewe." Tulicheka sote, hata mimi.

Siku ile nilichagua. Niliita jina lake mara moja, mvua ikaanza. Nikasema kwa sauti, "Mwanamke huyu!" nikakihamishia NJE, nikatia kufuli.

Kesho yake Kinyozi alipokuja kuuliza, Posta alitazama ubao akasema, "Katoka. Tumtafuteni mjini." Nilifungua kinywa. Nikajiambia, labda kweli alitoka, atapatikana kwa dada yake, nami nitakuwa nimejiaibisha bure. Baada ya saa moja kusema kulikuwa kugumu zaidi. Jioni kulikuwa kugumu maradufu. Tulizunguka hospitali na vituo vya mabasi siku mbili, nami nikizunguka nao na picha yake mkononi, na muda wote huo alikuwa korongoni akipiga mara tatu, akinyamaza, akipiga mara tatu.

Jumamosi, 29 Machi. Mvua: milimita 30. Nimeshona mashati sita ya shule.

Alhamisi, 3 Aprili. Mvua: milimita 42.

Kibao NDANI. Hakuna anayekirudisha tena, hata Mwalimu. Nimeanza ripoti. Nimeandika kichwa cha habari, tarehe, na "Kuhusu mitego".

Jumatatu, 7 Aprili. Mvua: milimita 38. Ripoti bado iko pale pale.

Ijumaa, 11 Aprili. Mvua: milimita 51.

Mwaka umetimia. Duka la Kinyozi limefungwa. Nilipita mara mbili upande wa pili wa barabara, mara ya kwanza nikienda kununua uzi, mara ya pili sikuwa nakwenda kokote.

Nimesikia mluzi ule nikiwa kwenye cherehani, na msitu uko mbali, hausikiki hapa. Nilisimamisha pedali. Ukakoma. Nikakanyaga tena, ukaanza. Ilikuwa pedali inahitaji mafuta. Nimeitia mafuta na bado sitaki kuikanyaga.

Alhamisi, 17 Aprili. Mvua: milimita 22.

Nilikuwa na zamu na Mwalimu. Siku zote namwona mtu mkavu. Leo tulipofika kwenye miche michanga karibu na korongo, aliinama na suruali yake safi akaanza kuzibua matope kwenye mashina kwa mikono. "Hii alipanda yeye," akasema, bila mimi kuuliza. "Mingi ingekufa. Huwa napita." Akahamia mche mwingine, akasema, "Nilimpenda sana yule mama, Katibu. Ndiyo maana nina hasira naye. Alitudanganya."

Hakuna kitu kigumu kama kumsikiliza mtu mwema akikosea kwa sababu yako.

Alhamisi, 24 Aprili. Mvua: milimita 33.

Kinyozi alikuwa ananisubiri kibandani. Hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama mbele ya kanuni zangu nyekundu, kidole kiko kwenye ya nne.

"Mwaka mzima naingia humu," akasema, "macho yangu yanakwenda kwenye ubao tu. Leo nimesoma ukuta." Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Mwenye shida apige filimbi mara tatu, anyamaze, apige tena mara tatu." Akanigeukia. "Yule ndege, Fundi. Anapiga ngapi?"

Nikaanza kukunja mwavuli.

"Nakuuliza, anapiga ngapi?"

"Tatu. Halafu tatu."

"Mimi nimekuwa nikienda kukaa pale na chupa ya chai." Alisema hivyo kisha akashika benchi. "Nimekaa pale na chai, nikifarijika. Mliniambia alikwenda papo hapo."

"Tulisema hivyo ili—"

"Najua mlisema ili nini." Alilia kwa kifua, bila sauti, mtu mzima wa miaka yake, na mimi nimesimama na mwavuli. Alipomaliza akajifuta uso kwa ukingo wa shati. "Daftari la zamu umeliangalia?"

Hapa ndipo ilibidi nimwambie. Tulikuwa wawili, mlango wazi, hakuna mtu mwingine. Nikasema, "Bado nalitafuta." Nimeyaandika ili yasije yakanitoka akilini: nilimwona analia na nikamwambia bado nalitafuta.

Ijumaa, 25 Aprili. Mvua: milimita 17. Najichukia.

Jumamosi, 3 Mei. Mvua: milimita 12.

Ripoti imekamilika. Kurasa mbili. "Kwa kuwa marehemu aliandikisha kutoka na kisha kuingia tena bila idhini…" Nimemsomea wifi bila kumwambia ni ya nini, kama kumsomea barua ya ofisi. Akasikiliza akimenya kitunguu.

"Huyo marehemu alikuwa na ndugu?"

"Ana mume."

"Na aliyeandika haya anasalimiana naye?"

"Kila Alhamisi."

Akakiweka kitunguu chini. "Basi aliyeandika ana roho ya jiwe. Au ana lake."

Jumatano, 7 Mei. Mvua: milimita 5.

Nilikwenda korongoni nikamsubiri ndege yule tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Hakulia. Nilitaka alie. Nilikaa pale kama mtu aliyekuja kudaiwa na mdai hayupo.

Jumamosi, 10 Mei. Mvua: milimita 9.

Nitaandika ilivyokuwa.

Tulikuwa wote kumi na mmoja. Kinyozi pia alikuja. Posta alimkaribisha, akasema ni haki yake kusikia. Alikaa mlangoni na kofia magotini. Posta akasema, "Katibu, tusomee."

Nikasimama na kurasa zangu mbili. Nilisoma kichwa cha habari. Nilisoma tarehe. Nilipofika "Kwa kuwa marehemu aliandikisha kutoka", ulimi uligoma. Nikajaribu tena. Mwalimu akasema, "Taratibu tu, soma."

"Hakutoka," nikasema.

"Soma kilichoandikwa, Katibu."

"Kilichoandikwa ni uongo. Hakutoka. Kibao chake kilikuwa NDANI. Mimi ndiye niliyefunga lango siku ile, nikakiona, nikadhani kasahau kama kawaida yake, nikakihamisha mimi. Kwa mkono huu. Alikuwa yuko ndani kwenye zamu yake anategua mitego, na mimi nikamfungia lango nikaenda kushona gauni. Na mlipomtafuta mjini nilijua na nikanyamaza."

Posta aliangalia ukuta, kanuni ya kwanza, kisha akaniangalia mimi, kisha ukuta, kama amepewa barua isiyo na namba.

Mwalimu ndiye aliyesogea kwanza. Alikuja akazichukua zile kurasa mkononi mwangu, akazikunja mara mbili. "Nilijumlisha vibaya," akasema. "Mwaka mzima. Mbele za watu." Kisha akanigeukia kwa sauti iliyopanda ghafla, "Na wewe uliniacha! Uliniona nakosea hesabu ukaniacha!" Akasema nifukuzwe leo leo, kibao changu kitiwe moto. Wawili watatu wakaitikia.

"Ngojeni," Kinyozi akasema.

Alikuwa amesimama. Hakuniangalia.

"Andikeni ripoti ya kweli, leo, kabla hamjatoka humu. Jina lake lisafishwe kwa maandishi, na Mwalimu ndiye aandike." Mwalimu akainamisha kichwa. "La pili. Kibao chake kitakaa NDANI. Asikiguse mtu. La tatu, huyu msimfukuze. Nataka awe ndiye anayefunga lango. Kila jioni."

"Kila jioni?" Posta akauliza. "Kufuata zamu?"

"Hakuna zamu. Yeye." Ndipo akaniangalia. "Kanuni yenu inasema anayefunga haondoki mpaka safu iwe tupu. Haitakuwa tupu. Nataka kila jioni aitazame, ndipo afunge. Kukusamehe siwezi, Fundi. Labda baadaye, labda kamwe. Lakini hilo unaweza kulifanya."

Nikasema nitalifanya.

Jumatatu, 12 Mei. Mvua: milimita 2.

Kinyozi alikuja dukani. Wifi alikuwapo, nilishamwambia yote jana, akanipiga kofi la bega, akalia, akanipikia uji. Nilimtolea Kinyozi ile suruali ya kijani ya mkewe. Aliigeuza akaangalia pindo kwa muda mrefu.

"Ulimaliza lini?"

"Jumatano ile. Ilikuwa tayari kabla ya zamu yake, angeweza kuivaa. Nilimwambia Ijumaa kwa mazoea tu, wateja wasije wakanisumbua."

Akaikunja, akaitia kwapani, akatoka bila kuaga. Wifi akasema, "Wewe kila kitu lazima ukiseme sasa?" Nikamwambia ndiyo.

Alhamisi, 15 Mei. Mvua: hakuna. Ripoti imekwenda. Nimefunga lango saa kumi na mbili na dakika tano.

Jumatatu, 19 Mei. Mvua: hakuna. Nimefunga lango.

Jumamosi, 24 Mei. Mvua: milimita 16, ya mwisho nadhani.

Leo tumerudisha vipima mvua. Jioni nilikwenda kufunga, mvua ikinyesha kwa ghadhabu ya mtu anayefukuzwa. Safu ya NDANI ilikuwa na vibao viwili: mdomo wa ndege, na bahasha.

Posta yuko kwake, nikasema. Ana miaka sabini na moja, na kwa mvua hii yuko kwake miguu ikiwa ndani ya beseni la maji moto. Nilikuwa na hakika kama ninavyojua kipimo cha kiuno changu. Nikahamisha kibao changu cha sindano, nikaingia.

Nilimtafuta saa nzima, njia ya miche, njia ya mzunguko, nikiita "Mwenyekiti!" mpaka sauti ikakauka. Mwisho nikafika korongoni. Maji yalikuwa yamejaa. Na pale, kwenye mti ule ule, mara tatu. Kimya. Mara tatu.

Nilijua ni ndege. Nikaitoa filimbi yangu shingoni, nikapiga mara mbili, ndefu, pumzi yangu yote. Akanyamaza. Nikatelemka mpaka chini, nikasimama pale walipomkuta, maji magotini, nikasema, "Nimekuja." Nikasema na mengine, ambayo hayatakaa humu. Yule ndege alinitazama kwa jicho moja. Huiga akisikia sana, na mimi nitakuwa hapa kila jioni.

Nilitoka, nikahamisha changu, nikaenda moja kwa moja kwa Posta. Miguu ilikuwa ndani ya beseni.

"Katibu! Umelowa hivyo, kuna nini?"

"Mimi si katibu tena, ni mfunga lango tu. Kibao chako kiko NDANI."

"Aa, nimesahau! Si ungenihamishia tu—" Akasikia alichokisema. Akatoa miguu kwenye beseni, akavaa kandambili na koti lake la zamani la posta, na tukaenda pamoja kwenye mvua. Akakihamisha mwenyewe kwa mkono wake.

Kikabaki kimoja. Nilikitazama, kama nilivyoahidi. Kisha nikapiga filimbi mara mbili, ndefu, kuelekea korongoni, ndipo nikatia kufuli.